Mkutano wa Usalama wa Kompyuta Uanzie Saiba

Kwenye kaunta ya saiba, kando ya kibodi ambayo herufi zake zimefutika, huwa kuna daftari. Lifungue utakuta majina yamepangwa kwa safu, na mbele ya kila jina namba ya kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, anwani ya baruapepe iliyofunguliwa papo hapo, na nenosiri. Majirani wawili watatu wana nenosiri lile lile kwa sababu siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na mhudumu hakuwa na muda wa kubuni jingine. Mama muuza ndizi wa soko la Gakoromone hajui nenosiri lake la eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Anachojua ni kwamba "kijana wa saiba analo", na akihitaji cheti au kulipia leseni atarudi kwake. Hali ni hiyo Makutano mjini Meru, na ni hiyo hiyo Embu mjini, Runyenjes, Chuka, Nkubu na Maua.

Nimelitanguliza daftari hilo kwa sababu wanaprogramu wa upande huu wa Mlima Kenya wanapofikiria kukutana kuzungumzia usalama wa kompyuta, orodha ya mada huandikwa bila kulitaja. Utasikia mfumo wa Kali Linux wa kujaribia udukuzi, utasikia mashindano ya udukuzi, utasikia nani atatoka Nairobi awe mgeni wa heshima. Ni mada nzuri na sitaki zifutwe. Lakini mkutano kuhusu usalama na uaminifu ukifanyika Meru au Embu bila mhudumu wa saiba, utakuwa umemwacha nje mtu ambaye wananchi wanamwamini kuliko mwanaprogramu yeyote atakayekuwa ukumbini.

Barabara ya Embu kwenda Meru, ukiifuata hadi ile ya kupanda Maua, inakupitisha kwenye vyuo vikuu vinne: Chuo Kikuu cha Embu kilichopata hati yake mwaka wa 2016, Chuka kilichoipata 2013, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha KeMU mjini Meru, 2006, na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, 2013 pia. Vyote vinafundisha kompyuta. Wahitimu wengine hushika njia ya Nairobi. Wanaobaki ndio wanaoandika mifumo ya SACCO, ya viwanda vya kahawa, ya vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ya shule na zahanati. Mkulima anayepeleka maziwa alfajiri hajui jina la aliyeandika programu inayohesabu lita zake. Amemwamini bila kumwona. Kijana wa saiba anaaminiwa kwa kuonekana: mteja anamjua mamake, anajua kanisa analosali, na akikosewa anajua pa kumpata. Imani hizi mbili zote zina nyufa, na sioni mahali pengine pa kuzikutanisha zaidi ya mkutano wa namna hii.

Watu wa Meru hawana haja ya kufundishwa thamani ya kumwamini mtu kwa kumjua. Miraa huchumwa Igembe, na pick-up huondoka Maua kwa kasi kuelekea Nairobi siku hiyo hiyo. Zao lenyewe halikai. Siku mbili likilala limepoteza bei, kwa hiyo nafasi ya kuandikiana mikataba haipo. Watu huafikiana kwa simu na kulipana kwa simu. Na Nchiru hiyo hiyo yenye chuo kikuu ndiyo yenye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, ambako mtu aliapishwa mbele ya watu wanaomjua yeye na ukoo wake. Imani ya namna hii ina nguvu mradi pande zote mbili zinaonana. Kompyuta ndiyo iliyokuja kutuondolea kuonana.

Matapeli waliitambua nafasi hiyo mapema. Hakuna mwenye simu nchini Kenya ambaye hajapokea ujumbe wa "pesa zimetumwa kwako kimakosa, tafadhali nirudishie". Tumewapa hata jina, watu wa Kamiti, kwa sababu simu nyingi za aina hiyo zilihusishwa na gereza hilo. Mulot, mji mdogo ulio mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa na polisi kwa miaka katika kesi za wizi wa laini za simu. Wizi wa laini hauhitaji ustadi wa kompyuta. Tapeli anajifanya ndiye wewe, anaomba laini ibadilishwe kwa sababu simu "imepotea", na simu yako inakosa mtandao ghafla. Kuanzia hapo kila namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi, iwe ya benki au ya baruapepe, inafika kwake. Ili afaulu anahitaji jina lako kamili, namba ya kitambulisho na vijambo vichache kukuhusu. Vyote viko kwenye lile daftari, katika mwandiko unaosomeka.

Simlaumu mhudumu. Daftari lilizaliwa na shida halisi. Mteja amekuja tarehe 28 Juni, siku mbili kabla ya muda wa kuwasilisha taarifa za kodi kwisha, na amesahau nenosiri alilopewa mwaka uliopita. Mfumo unataka kutuma namba ya kuthibitisha kwa simu ambayo hakuja nayo, au kwa baruapepe ambayo hajawahi kuifungua. Nyuma yake kuna watu kumi na mmoja na mwanafunzi anayelia kwamba ombi lake la mkopo wa HELB linafungwa leo. Mhudumu anayetunza nenosiri anamwokolea mteja nusu siku na nauli ya bodaboda. Ukimwambia achome daftari bila kumpa njia nyingine, atakuitikia kwa adabu na kesho atanunua jipya.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza cha mkutano, kabla ya mgeni yeyote wa Nairobi, kingekuwa cha wahudumu wenyewe kueleza siku yao ilivyo, wanaprogramu wakisikiliza na kuandika. Kisha wote pamoja watafute njia zinazowezekana. Nitataja ninazoziamini. Nenosiri liandikwe kwenye kadi ndogo na mteja aende nayo nyumbani, akaiweke kwenye sanduku lile lile lenye hati ya shamba. Wataalamu wengi walitufundisha kwamba kuandika nenosiri ni kosa, lakini karatasi iliyo ndani ya sanduku Tigania haiwezi kuibwa na mtu aliye Mulot, na nenosiri lililo kwenye kaunta linasomwa na kila anayeinama kulipia fotokopi. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe ya mteja au ya mwanawe. Kuna akaunti nyingi upande huu zilizofunguliwa kwa namba ya mhudumu ili kazi iende haraka. Mhudumu huyo akihamia Nanyuki, mteja amefungiwa nje ya mambo yake mwenyewe. Kivinjari kitumike katika hali ya faragha, na swali la "je, nihifadhi nenosiri?" lijibiwe hapana kwa kila mteja.

Halafu kuna lile folda la vilivyopakuliwa. Hili linanisumbua kuliko daftari. Siku hizi mteja hachapishi kutoka kwenye flashi. Anatuma kwa WhatsApp kwenda namba ya saiba. Ukitazama kompyuta ya kaunta mwisho wa wiki utakuta picha za vitambulisho pande zote mbili, barua za chifu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaoombewa basari, hati za mashamba, matokeo ya hospitali. Vimerundikana, havina mwenyewe, na yeyote mwenye flashi anaweza kuondoka navyo vyote kwa dakika mbili. Dawa yake ni programu ndogo ya kufuta folda hilo kila jioni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika kwa saa moja, na ningependa kuona ikiandikwa na kuwekwa kwenye kompyuta za wahudumu siku hiyo hiyo ya mkutano, mwenye kompyuta akiangalia kila mstari unafanya nini.

Hapo wanaprogramu watakuwa wamepata ujasiri wa kuzungumzia nyufa zao. Wanazo, na zinafanana na za saiba kuliko wanavyopenda kukiri.

Ufa wa kwanza anaujua mwenye duka aliyeumwa na nyoka wa ujumbe bandia wa M-Pesa. Mteja anamwonyesha ujumbe kwenye simu, "umethibitishwa", anaondoka na mfuko wa unga, na jioni pesa haipo. Tangu hapo mwenye duka hauamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja. Anaangalia simu yake na salio lake. Sasa mtazame mwanaprogramu anayeunganisha mfumo wa karo ya shule na M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la wanaprogramu. Mfumo wake una anwani ya mtandaoni ambako taarifa hufika kwamba mzazi fulani amelipa kiasi fulani. Akiandika programu inayopokea taarifa yoyote ifikayo hapo na kumwekea mwanafunzi alama ya "amelipa", bila kuuliza upya kwa Safaricom kama malipo hayo yapo na bila kuangalia taarifa imetoka seva gani, basi yeyote anayeijua anwani hiyo anaweza kumlipia mwanawe karo ya mwaka mzima bila kutoa senti. Ni ujumbe bandia ule ule, na safari hii aliyedanganywa ana shahada.

Ufa wa pili ni wa siri zinazoachwa kwenye msimbo. Kijana anapandisha kazi yake GitHub, hifadhi ya msimbo mtandaoni, ili waajiri waione, na ndani yake kuna funguo za kuingilia akaunti ya malipo ya mteja na nenosiri la hifadhidata. Akishtuka anafuta mstari ule na kupandisha tena. Amesahau kwamba Git inatunza historia yote. Mstari uliofutwa leo bado unasomeka kwenye toleo la jana. Ufunguo ukishaonekana hadharani hautibiki kwa kufutwa, lazima ubadilishwe. Hili lifanyiwe mazoezi ukumbini, kila mmoja na kompyuta yake, kila mmoja apekue historia ya kazi zake mwenyewe. Wengine watatoka nje kupiga simu kwa wateja wao, na mkutano uwape nafasi hiyo bila kuwacheka.

Baada ya chakula cha mchana ndipo ningeleta kisa cha dunia, na kisa ningechagua kimoja tu ili kielezwe kwa kina. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili iliyomo katika kompyuta nyingi za Linux duniani. Hakuwa anatafuta wadukuzi. Alikuwa anapima kasi ya mambo mengine, akaona kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takribani nusu sekunde kuliko kawaida, na akakataa kuliacha jambo hilo lipite. Mlango ule ulikuwa umetiwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na ungefika kwenye seva nyingi mno kama si yeye.

Ulitiwa na nani? Na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye tangu 2021 alikuwa akichangia kazi kwenye miradi huria na hatimaye akajikita kwenye xz. Mradi huo ulikuwa ukitunzwa na Lasse Collin, karibu peke yake, kwa kujitolea, naye alikuwa amesema waziwazi kwamba amechoka na afya ya akili yake haiko sawa. Majina mengine ambayo hakuna aliyeyajua yakawa yanamsukuma: mbona kazi inachelewa, mbona husaidiwi? Jia Tan alikuwepo, mpole, mchapakazi. Akapewa madaraka. Hakuna anayejua kama ni mtu mmoja au kikosi, na hakuna aliyewahi kusimama mbele akasema nilikutana naye.

Ningewaomba wanaprogramu wa Meru na Embu wakitafakari kisa hiki kwa muda mrefu, kwa sababu hakikuanza na hesabu ngumu za usimbaji. Kilianza na mtu aliyechoka na mwenzake aliyejifanya rafiki. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alilieleza jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka wa 1984. Alionyesha jinsi programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine inavyoweza kufichwa mlango wa siri ambao hutauona hata ukisoma msimbo wote uliopewa. Alifika mahali pa kusema kwamba mwishowe tunalazimika kuwaamini watu walioandika programu. Swali lililobaki tangu siku hiyo ni jinsi ya kuwajua watu hao.

Njia moja ya kujibu swali hilo ina miaka zaidi ya thelathini, na inahitaji kukutana ana kwa ana. Mwaka wa 1991 Phil Zimmermann wa Marekani alitoa PGP, programu ya kusimba na kutia saini ujumbe. Kila mtu ana funguo mbili: wa umma anaougawa, na wa siri asioutoa kwa yeyote. Tatizo ni kwamba ufunguo wa umma ulioandikwa jina lako ningeweza kuutengeneza mimi. Kwa hiyo watu wa kompyuta walianza kukutana na kuthibitishiana. Unakuja na kitambulisho na vijikaratasi vyenye alama ya ufunguo wako, herufi na tarakimu 40. Mwenzako analinganisha kitambulisho na sura, anasoma zile 40 kwa sauti nawe unafuatilia kwenye karatasi yako. Akirudi nyumbani anautia saini ufunguo wako. Mradi wa Debian, ambao mfumo wake wa Linux unaendesha seva nyingi duniani, kwa miaka mingi haukutoa haki za msanidi programu kwa mtu ambaye ufunguo wake haukuwa umetiwa saini na wasanidi waliotangulia.

Ningependa zoezi hili lifanyike, na lielezwe mipaka yake. Saini yangu kwenye ufunguo wako inasema tu kwamba ufunguo ni wa mtu mwenye jina hili niliyemwona. Haisemi kwamba wewe ni mwaminifu, wala kwamba unaandika programu safi. Na mtandao wa saini wenyewe umewahi kuumizwa: mwaka wa 2019 wahalifu walizifurika funguo za watu wawili mashuhuri katika jamii hiyo kwa maelfu ya saini za uongo hadi programu zikashindwa kuzifungua. Bado faida iko. Wanafunzi wa Nchiru na wa Embu ambao wangeonana kwa majina ya GitHub tu watakuwa wameonana macho kwa macho, na mwaka ujao mmoja akipokea mchango wa msimbo kutoka kwa mwenzake atajua ni nani.

Wahudumu wa saiba wasiachwe kando wakati huo. Wanayo WhatsApp, na WhatsApp ina namba ya usalama ya tarakimu 60 kwa kila mazungumzo, pamoja na mchoro wa mraba wa kukagua kwa kamera. Watu wawili wakilinganisha namba hizo wakiwa wamekaa pamoja, wamefanya kazi ile ile ya wale wa PGP. Kuna mpangilio wa kuarifiwa namba hiyo inapobadilika, ambao kwa kawaida huwa umezimwa, uwashwe. Rafiki aliyebadilisha simu ataibadilisha namba, na tapeli aliyeiba laini ataibadilisha pia. Ukipata arifa hiyo, kisha rafiki yako akaanza kukuomba elfu tatu za haraka, mpigie kwanza usikie sauti. Kila mmoja aondoke pia akiwa ameweka PIN ya hatua ya pili kwenye WhatsApp yake.

Sasa maandalizi yenyewe. Mkutano wa usalama unaanza kupimwa siku ya kwanza ya kusajili watu. Nimeona fomu za mikutano zinazodai kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kaunti, chuo, mwaka wa masomo na namba mbili za simu, kwa ajili ya kuhesabu chapati. Jina linalotosha kwa beji na njia moja ya mawasiliano zinatosha. Orodha iwe na mtunzaji mmoja anayejulikana na siku ya kufutwa iliyotangazwa. Watu wasiunganishwe kwenye kundi la WhatsApp ambalo kila mgeni anaona namba za wote. Anayetaka kuendelea kuzungumza ataomba mwenyewe.

Picha pia. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data, Immaculate Kassait, alizitoza faini taasisi kadhaa chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila kumuuliza. Mpiga picha wa mkutano aelezwe hivyo asubuhi, na wasiotaka kupigwa wapewe utepe wa rangi yake. Sheria hiyo hiyo iwafikie wahudumu wa saiba kwa lugha ya kawaida: biashara ndogo inaweza kusamehewa kujisajili kwa kamishna, lakini haikusamehewa kulinda vya wateja. Na wanaoandika mifumo wajue kwamba data ikivuja na kuwaweka wenye data hiyo hatarini, anayeishikilia ana saa 72 za kumjulisha kamishna.

Jambo la sheria nyingine lisipite kwa haraka, maana linaweza kumfunga kijana. Katika mikutano kama hii huwa kuna mwenye shauku anayetaka kuonyesha jinsi tovuti ya shule au ya kaunti inavyoingilika. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweka faini isiyozidi Sh5,000,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayevunja kinga za mfumo kwa nia ya kuingia akijua hana ruhusa. Kwamba alitaka kusaidia haimwondolei kosa. Kwa hiyo waandaaji walete seva yao, iliyojazwa makosa makusudi, na mazoezi yote yafanyike humo. Aliyegundua ufa kwenye mfumo wa kweli bila kuvunja kitu afundishwe kuandika barua fupi kwa mwenye mfumo, na ikibidi aripoti kwa kituo cha taifa cha dharura za mtandao, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Wahudumu nao wapewe maneno ya kuwaeleza wateja. Julai 2023 eCitizen ilipozidiwa na mafuriko ya maombi bandia, huduma zaidi ya 5,000 zikiwa zimekwisha kuhamishiwa humo, watu waliokwama hawakwenda wizarani. Walirudi kwa kijana wa saiba wakiuliza kama pesa na vyeti vyao vimeibwa. Angekuwa ameelezwa tofauti kati ya mlango uliozibwa na umati na mlango uliovunjwa, angewatuliza. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha.

Mahali ningependekeza Chuka. Si Meru wala si Embu, na hakuna upande utakaojiona mwenyeji anayewakaribisha wageni. Lakini wanaotoka Meru watapita daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Kwa hiyo kazi ianze saa tatu asubuhi na ikomeshwe saa tisa alasiri, hata kama mada moja itabaki, ili kila mtu awe amevuka mchana. Kila kinachohitajika kusomwa kiwe kimechapishwa pia, maana stima hupotea. Mabwawa ya Mto Tana, Kamburu, Gitaru na Kiambere, yako hapo chini Mbeere, lakini hilo halikuzuia Embu kulala gizani pamoja na sehemu kubwa ya nchi Agosti 25, 2023. Zoezi la vijikaratasi halihitaji stima.

Mhudumu anayefunga kaunta Jumamosi anapoteza mapato ya siku, na wengi wameajiriwa na mwenye saiba. Fedha ambazo zingelipia fulana na mabango zilipie siku yao na nauli yao. Mialiko isitumwe kwa mtandao. Wanafunzi waipeleke kwa miguu, saiba hadi saiba, wamweleze mwenye biashara ana kwa ana kwa nini msaidizi wake anahitajika. Na tarehe iwe Mei, wiki nne au tano kabla ya Juni 30, ili msimu wa KRA uwakute wakiwa na kadi za kumpa mteja na folda linalojifuta jioni. Septemba wanaprogramu wapite tena kwenye kaunta zile zile wakiwa na swali moja la kuwauliza wahudumu: ni kipi kati ya tulivyokubaliana kimeshindikana foleni ilipofika mlangoni.